Hodi kwa Jiwe

Siku ya kwanza nilipotumwa sokoni kununua chungu peke yangu, nilichagua kilichonipendeza macho. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, na shingoni kimechorwa mistari. Mama mfinyanzi alinitazama, akakipokea kutoka mikononi mwangu, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikatoa mlio mfupi, mkavu: ta. Akakiweka kando. Akachukua kingine, sura yake si ya kupendeza, kimeinama upande mmoja. Akakigonga. Ngiiin! Mlio ukakaa hewani kidogo kabla ya kwisha.

"Chukua hiki, mwanangu," akaniambia. "Kile kina ufa ndani. Wewe hujauona, na mimi sijauona. Nimeusikia."

Nilikibeba mpaka nyumbani nikikigonga njia nzima.

Tangu siku hiyo nimependa sana maarifa ya namna hii, ya kukijua kitu pasipo kukivunja. Mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni asikie maji. Mwenye fenesi hulipiga kwa kiganja ajue kama limeiva. Daktari hukugonga mgongoni kwa vidole viwili na kusikiliza mapafu yako. Hakuna hata mmoja wao anayepasua ili ajue kilichomo. Leo, vijana wangu, nataka kuwasimulia jinsi binadamu walivyojifunza kuligonga jiwe kwa nuru, likajibu na kutaja jina lake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kule Mererani, wilaya ya Simanjiro, wachimbaji huteremka ardhini kwa mamia ya mita kutafuta kito cha buluu iliyochanganyika na zambarau. Ndicho tanzanaiti. Kilitambuliwa mwaka 1967, na mpaka leo ni pale tu, katika dunia nzima, kinapochimbwa kwa biashara. Wanajiolojia wanakiita zoisaiti. Viungo vyake ni kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni kidogo, na rangi yake inatokana na chembe chache za vanadi. Mengi ya mawe haya hutoka ardhini yakiwa na ukahawia. Huchomwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa, ukahawia ukatoweka, buluu ikabaki.

Sasa mfikirieni dalali kijana aliyeketi kwenye benchi mjini Arusha. Mtu asiyemfahamu anamjia, anafungua karatasi iliyokunjwa, na ndani yake mna jiwe la buluu lililokwisha kukatwa na kung'arishwa. Bei anayotaja ni nzuri kupita kiasi. Je, ni tanzanaiti? Au ni kioo kilichotiwa rangi? Au ni fosteraiti iliyooteshwa maabara na kutiwa kobalti mpaka ikafanana na tanzanaiti? Usidhani hiyo ya mwisho nimeitunga. Imo sokoni kweli, na imekwisha kuwadanganya watu wenye macho mazuri.

Njia za zamani za kulijua jiwe zilikuwa kali. Ulilikwaruza kwa jiwe jingine uone lipi gumu, ukalidondoshea tindikali, au ukavunja kipande ukakisaga unga. Kwa mwamba wa njiani hakuna neno, hakuna atakayekudai. Lakini tanzanaiti ni laini kuliko kwatzi, yale madini yaliyojaa katika mchanga wa kawaida, kwa hiyo hata vumbi la barabarani linaweza kuikwaruza. Tena jiwe hili lina upande mmoja ambao likigongwa vibaya hupasuka wima, kama kuni kavu inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Ukilikwaruza ili ujue ni la kweli, umeshamharibia mwenye mali kitu kile kile ulichotaka kumlindia.

Wapo mafundi wanaolichunguza kwa upole. Hupima jinsi jiwe linavyoupinda mwanga, au hulitazama kwa kioo cha kukuzia. Fosteraiti, kwa mfano, ukiitazama hivyo unaziona kingo zake za nyuma zimekuwa mbili mbili, kama mtu anayeona kwa macho ya usingizi. Ni maarifa mazuri na nayaheshimu. Ila jiwe likiwa bado ghafi, limefunikwa na uchafu wa shimoni, au likiwa dogo kama punje ya mtama, fundi huyo hukwama. Hapo ndipo tunapoihitaji nuru.

Ili mjue ilivyoanza, tupande meli.

Ni mwaka 1921. Meli iitwayo Narkunda inatoka Uingereza kwenda Bombay, na sasa iko katikati ya Bahari ya Mediterania. Abiria wamesimama kwenye sitaha wakishangaa buluu ya maji. Mmoja wao ni mwalimu wa chuo kikuu kutoka Calcutta, mwenye umri wa miaka 32, anarudi kutoka kwenye mkutano wa vyuo vikuu huko Oxford. Jina lake Chandrasekhara Venkata Raman. Naye anashangaa kama wengine, lakini yeye ana prizimu ndogo mfukoni.

Swali lake lilikuwa lile ambalo kila mtoto wa pwani amewahi kuuliza: kwa nini bahari ni ya buluu? Jibu lililokubalika wakati ule lilitoka kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, aliyesema bahari huakisi tu buluu ya anga. Raman hakuridhika. Aliitoa prizimu yake, iliyotengenezwa kwa namna ya kuweza kuuzuia mwanga unaoakisiwa na uso wa maji, akayatazama maji kupitia kwayo. Kama Rayleigh alikuwa sahihi, buluu ingefifia. Haikufifia. Ilizidi kukolea. Basi, akasema Raman, maji yenyewe yanafanya kazi. Molekuli zake zinautawanya mwanga. Leo tunajua pia kwamba maji huumeza wekundu ulio katika mwanga wa jua, na hiyo ni sababu kubwa zaidi ya buluu ile. Lakini hamu ya kujua molekuli inaufanya nini mwanga ilikuwa imemshika. Meli ilipofika bandari ya Bombay alikuwa tayari na barua ya kulipelekea jarida la Nature.

Nimpe nafasi kidogo mtu huyu, kwa kuwa ninyi mnaosoma ni vijana, na yeye alianza kijana. Aliingia kazini mwaka 1907 akiwa na miaka 18, na kazi yenyewe haikuwa ya sayansi. Alikuwa afisa wa hesabu za serikali. Huko Calcutta aligundua jumba la chama cha kukuza sayansi, vyumba vyake vina vifaa na watu wachache. Akaomba ruhusa. Kwa miaka mingi alifika pale alfajiri kabla ya ofisi, akarudi tena jioni baada ya ofisi. Mwaka 1917 alipopewa uprofesa aliiacha kazi ya serikali akakubali mshahara ulio mdogo kuliko ule wa kwanza.

Na alikuwa akichunguza nini saa zile za alfajiri? Pamoja na mengine, ngoma.

Mliowahi kuketi kwenye taarabu ya Mombasa mmeiona tabla na lile duara jeusi juu ya ngozi yake. Ngoma ya kawaida hutoa milio mingi kwa pigo moja, na milio hiyo haipatani, ndiyo maana ni vigumu kuimba kwa kufuata ngoma tupu. Lile duara jeusi, ambalo ni bandiko zito linalokandikwa juu ya ngozi, huipanga upya mitetemo mpaka milio ikapatana kama ya uzi wa zeze. Raman alilichunguza jambo hilo na kuandika kulihusu mwaka 1920. Mimi naamini sikio lile la ngoma lilimsaidia. Mtu aliyekwisha kujiuliza ngozi inatetemekaje hachelewi kujiuliza molekuli inatetemekaje.

Miaka saba baada ya safari ile ya bahari, tarehe 28 Februari 1928, Raman na mwenzake K. S. Krishnan walikuwa wakipitisha mwanga mkali wa rangi moja ndani ya kimiminika kilichosafishwa sana. Mwanga ulitawanyika pembeni, kama walivyotarajia, ukiwa na rangi ile ile. Lakini pamoja nao palikuwa na mwanga mwingine, hafifu mno, wenye rangi ambayo haikuwamo katika ule ulioingia. Walijaribu vimiminika kama sitini. Kila kimoja kilitoa mwanga ule wa pili, na kila kimoja kwa namna yake.

Majuma yale yale, mjini Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waliona jambo hilo hilo ndani ya fuwele za kwatzi, yaani ndani ya jiwe. Dunia ilimpa Raman Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, naye akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kuipata katika sayansi. India huiadhimisha tarehe 28 Februari kila mwaka kama siku ya sayansi. Naona ni haki tuwataje na wale wawili wa Moscow.

Sasa, mwanga ule wa pili ulitoka wapi?

Chukueni mpira mwende kwenye ukuta wa zege. Upigeni. Unarudi na nguvu karibu ile ile. Halafu upigeni kwenye mlango wa bati. Bati linavuma, na mpira unarudi umelegea. Nguvu iliyopungua imebaki kwenye bati. Ndiyo hiyo mnayoisikia ikivuma. Mtu mwenye kipimo kizuri angeweza kuupima mpira unaporudi, akajua bati limetetemeka kiasi gani, pasipo kuligusa bati lenyewe.

Nuru nayo husafiri kwa vipande vidogo vidogo viitwavyo fotoni. Hiyo ndiyo mipira yetu. Na jiwe, hata likionekana limetulia, halijatulia. Atomi zake zimeshikana kwa nguvu zinazofanana na springi, kila moja ikimvuta na kumsukuma jirani yake usiku na mchana. Ngozi nyepesi iliyokazwa hutoa mlio mkali, na ngozi nzito iliyolegea hutoa mlio mnene. Atomi hufuata kanuni hiyo hiyo. Almasi ni kaboni tupu, atomi nyepesi zilizokazwa kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa hiyo mtetemo wake ni wa kasi ya kutisha: mara trilioni 40 kwa sekunde. Sikio lenu, hata likiwa changa na zima, huishia kwenye mitetemo 20,000. Basi nikisema sauti ya jiwe, mnielewe. Hakuna sikio litakaloisikia. Fotoni ndiyo inayoisikia.

Fotoni ikibisha hodi kwenye jiwe na kutawanyika, karibu kila mara hurudi kama ilivyokwenda, kama mpira wa ukuta wa zege. Ila moja tu katika milioni 10 hivi huacha sehemu ya nguvu zake ndani na kuziachia atomi zikitetemeka. Hiyo hairudi polepole, kwa kuwa mwendo wa nuru haupungui hivyo. Kinachobadilika ni rangi. Kijani husogea kuelekea manjano, manjano kuelekea nyekundu, na kadiri fotoni ilivyoacha nguvu nyingi ndivyo rangi inavyosogea mbali.

Almasi ikimulikwa kwa nuru ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, ndani ya mwanga unaorudi kuna mstari mwembamba karibu na nanomita 573, kijani kilichokaribia kuwa manjano. Wataalamu huliandika pengo kati ya rangi hizo mbili, kwa kipimo chao wenyewe, kwa namba 1332. Almasi ya Mwadui, Tanzania, hutoa 1332. Almasi ya Kongo hutoa 1332. Ya Urusi pia. Kwatzi hutoa namba nyingine, 464, na kalsaiti, madini ya marumaru na mawe ya chokaa, hutoa 1086. Na si namba moja moja tu. Jiwe huwa na mistari kadhaa, mikubwa na midogo, na mpangilio wote kwa pamoja ndio jina lake.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote. Kaboni iliyo katika almasi ndiyo kaboni iliyo katika ncha ya penseli yenu, ile nyeusi iitwayo grafiti. Chapati na maandazi ni unga ule ule, lakini hakuna anayevichanganya mezani. Ukiuliza kwa njia ya kemia tu, "Una nini ndani?", almasi na grafiti zitajibu sawa: kaboni. Ukibisha hodi kwa nuru, almasi itasema 1332 na grafiti itajibu karibu na 1580, kwa sababu nuru haiulizi viungo peke yake. Inauliza vimepangwaje na vimeshikanaje. Kioo nacho hujifichua hapo hapo. Atomi zake hazina mpangilio wa fuwele, kwa hiyo mahali pa mistari myembamba hutoa vilima vipana, kama umati unaosema wote kwa pamoja.

Kwa miaka mingi maarifa haya yalibaki ndani ya maabara chache, kwa kuwa mwanga ule wa pili ni hafifu kupindukia. Watafiti waliwasha taa za zebaki na kuacha vioo vya picha vikipokea mwanga kwa saa nyingi ili wapate mistari michache. Kilichohitajika ni taa yenye rangi moja safi na nguvu iliyokusanywa mahali pamoja. Mwaka 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Moyo wake ulikuwa kijiti cha yakuti iliyotengenezwa na watu. Kito ndicho kilichotupa taa tunayobishia hodi kwa vito.

Leza ndogo ya kijani yenye nguvu ya miliwati 1 tu humwaga fotoni zaidi ya trilioni 2,000 kwa sekunde. Hata tukipoteza karibu zote njiani, zinazobaki zinahesabika.

Turudi kwa dalali wetu. Tuseme amelipeleka jiwe kwa mtaalamu mwenye mashine hii. Jiwe linawekwa chini ya lenzi, kama unavyoweka tone la maji chini ya hadubini. Doa la kijani, dogo kuliko unene wa unywele, linatua juu yake. Chujio linaizuia nuru yote iliyorudi na rangi ile ile, maana hiyo haina habari mpya. Inayopita inatandazwa kama upinde wa mvua, na kamera inahesabu kila rangi imeleta fotoni ngapi. Kwenye kompyuta unachoreka mstari wenye vilele. Kisha vilele hivyo hulinganishwa na vya mawe yaliyokwisha kujulikana. Chuo Kikuu cha Arizona kina hazina kubwa ya namna hiyo iitwayo RRUFF, ina maelfu ya madini, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo, hata mwanafunzi wa Babati mwenye simu.

Kwenye skrini panasimama vilele viwili virefu, bega kwa bega: 824 na 856. Zoisaiti haina jozi hiyo. Fosteraiti ndiyo inayo, kila mara. Haijapita hata dakika moja. Jiwe linarudi kwenye karatasi yake likiwa halina mkwaruzo, na dalali anarudi kwenye benchi akiwa na pesa zake.

Siku hizi zipo mashine za kushika mkononi, na nuru yake hupita hata kwenye mfuko wa plastiki au chupa ya kioo, kwa hiyo hutumika kukagua vidonge vya dawa bila kufungua pakiti. Zumaridi iliyojazwa nyufa zake kwa gundi ili ionekane nzima hugunduliwa pia, kwa sababu gundi hujitaja kwa mistari yake yenyewe. Hata maandiko ya kale huulizwa. Chuo Kikuu cha Yale kina ramani maarufu, Ramani ya Vinland, iliyodaiwa kuwa ya karne ya 15, ikionyesha sehemu ya Amerika kabla ya safari ya Columbus. Mwaka 2002 wachunguzi wa London waliibishia hodi kwa leza. Katika mistari ya manjano iliyo kandokando ya wino walikuta anatezi, aina ya titani oksidi ambayo viwanda vilianza kuiuza kama rangi karne ya 20. Ramani haikukatwa hata uzi. Mwaka 2021, baada ya vipimo zaidi vya namna nyingine, Yale wenyewe walitangaza kwamba ni ya kughushi.

Nisiwafiche mipaka yake. Nuru hii haipati jibu kwa kila mlango. Dhahabu, fedha na shaba hukaa kimya, kwa jinsi atomi za metali zilivyopangwa. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, tani zake kama 16 za chuma na nikeli, kingemnyamazia mtaalamu wetu siku nzima. Mawe mengine yana tabia iliyo kinyume: yakimulikwa huwaka mwanga wake yenyewe, mkali, ukaifunika sauti tunayoitafuta. Yakuti ni hodari kwa hilo. Hapo fundi hubadilisha rangi ya leza na kujaribu upya. Kitu cheusi nacho kinaweza kuungua leza ikiwa kali mno, kwa hiyo anayeiendesha lazima aanze na nguvu ndogo kabisa. Na almasi iliyooteshwa maabara hutoa 1332 sawasawa na iliyotoka Mwadui, kwa sababu nayo ni almasi kweli. Kujua ilikozaliwa huhitaji vipimo vingine. Ukisikia mtu anasema ana mashine isiyokosea kamwe, mtilie shaka huyo.

Na jambo hili ni la usalama, nawasihi: hata leza ndogo ya kuchezea msiielekeze kwenye jicho la mtu, wala la mnyama, wala lenu. Jicho likiunguzwa ndani halirudi.

Nimebakiza mahali pa mbali kuliko pote. Tarehe 18 Februari 2021 gari-roboti la Marekani liitwalo Perseverance lilitua kwenye sayari ya Mirihi, ndani ya kreta ya Jezero, ambamo zamani sana palikuwa na ziwa. Gari hilo lina leza zaidi ya moja. Iliyo juu ya mlingoti wake inaweza kupiga jiwe kwa nguvu mpaka doa dogo likageuka mvuke unaong'aa, na hiyo huacha kishimo. Lakini inaweza pia kulimulika kwa kijani kisichodhuru na kusikiliza, kama Raman. Kwenye mkono wa roboti kuna kifaa cha pili, SHERLOC, kinachobisha hodi kwa nuru ya urujuanimno. Kilipoyauliza mawe ya Jezero, yalitaja, pamoja na mengine, kabonati na olivini. Fosteraiti ni aina ya olivini. Jamaa wa lile jiwe la Arusha yuko kule, ila huyo hakuoteshwa na mtu.

Kifaa kilicho mbali hivyo hupimwaje kama bado kinasema kweli? Mama mfinyanzi angejua: unagonga kwanza chungu ambacho mlio wake unaujua. Mbele ya gari hilo wahandisi walifunga vipande vya vitu vinavyojulikana, vikiwemo vitambaa vya mavazi ya wanaanga, na kipande chembamba cha kimondo. Kimondo hicho kinaitwa Sayh al Uhaymir 008. Ni jiwe la Mirihi. Wanasayansi huvitambua vimondo vya huko kwa hewa iliyonaswa ndani ya baadhi yake, inayolingana na ile iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976.

Jiwe hilo lilirushwa kutoka Mirihi na kishindo cha zamani sana, likaangukia jangwa la Oman, likaokotwa mwaka 1999, kipande chake kikatunzwa katika jumba la makumbusho la London, na tangu Februari 2021 kipande hicho kimo tena Mirihi.